Nani Awajibike?

Kuna swali ambalo nimelibeba kwa karibu miaka hamsini, na kwa kuwa umri wangu umevuka sabini naona si vizuri nilitue chini bila kumwonyesha mtu. Swali lenyewe ni fupi. Serikali inapomdhulumu mtu katika shughuli ya kutafuta haki, ni nani hasa aliyemdhulumu? Ni waziri aliyekaa Dar es Salaam? Ni mkuu wa mkoa? Ni askari aliyeshika fimbo? Au ni yule mtu wa kijijini mwenye mwandiko mzuri, aliyeombwa kalamu yake kwa saa moja tu?

Namwomba msomaji anivumilie, maana sitaweza hata kulikaribia swali hili bila kueleza kwanza mambo ya kwetu.

Mimi ni mtu wa Misungwi. Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Shinyanga unafika Usagara, na hapo njia ya kulia inakwenda Kigongo, ambako kwa miaka mingi tulipanga foleni kusubiri kivuko cha kwenda Busisi, na ambako tangu Juni 2025 kuna daraja la kilometa tatu juu ya ziwa. Usipokata kulia, ukinyoosha mbele, ndipo unafika kwetu. Wilaya yetu ni changa, imezaliwa mwaka 1995. Kabla ya hapo tulikuwa sehemu ya Kwimba, na shida zetu zote tulizipeleka Ngudu. Habari ninayoisimulia ni ya wakati huo wa Ngudu.

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa daraja la C, katika kijiji ambacho watu wake walikuwa wamesogezwa pamoja miaka miwili nyuma kwa Operesheni Vijiji. Kabla ya hapo Msukuma alikaa mbali na mwenzake, kila mji na minyaa yake na mifugo yake. Sasa mtu alijikuta anasikia kikohozi cha jirani usiku. Watu ambao zamani walichukiana kwa mbali walianza kuchukiana kwa karibu.

Kila mtu wa Usukuma anajua habari ya macho mekundu. Mwanamke akipika miaka arobaini kwa kuni mbichi na samadi iliyokauka, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho yake huwa mekundu. Akishafiwa na mume, watoto wakahama, halafu mtoto wa jirani akaugua na kufa, yale macho huanza kusemwa. Mfiwa huenda kwa mganga. Mganga mjanja hatamki jina, huelekeza upande tu. Na usiku mmoja panga linafanya kazi yake.

Siku hizo vifo vya namna hiyo vilizidi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Alfajiri unasikia mwano, unakimbia na wenzako kuelekea sauti inakotoka, na mnakuta kikongwe kalala mlangoni mwake. Polisi wanakuja kutoka mbali, wanauliza, hakuna aliyeona. Wanaandika, wanaondoka. Kesi ikibahatika kufika mahakamani inakosa shahidi. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba yaliyofuata yalianzishwa na watu waovu. Yalianzishwa na watu waliochoka kuzika vikongwe.

Jioni moja mwanzoni mwa mwaka huo mwenyekiti wa kijiji alinifuata shuleni. Alikuwa mtu mzima, umri wa baba yangu, na kusoma kwake kulikuwa kwa shida.

"Mwalimu," akaniambia, "wakubwa wanataka majina. Tunahitaji mtu ambaye mwandiko wake unasomeka."

Tulikaa katika darasa la nne, watu tisa, na taa ya chemli juu ya meza yangu. Yaliyotakiwa yalikuwa majina ya watu wanaodhaniwa kuua au kutuma wengine kuua. Majina manne yalikuja haraka. Wale wanne nao hata leo nisingewatetea. La tano na la sita yalikuja baada ya mabishano. Kisha pakawa kimya, na mtu mmoja akasema kwamba sita ni wachache, tutaonekana tunaficha. Ndipo likatajwa jina la saba, la fundi wa mikokoteni.

Nani alilitaja? Nimejiuliza mara elfu. Nilikuwa nimeinamia karatasi. Nilisikia jina, nikainua macho, nikaona watu wakitikisa vichwa kukubali, wengine wakiangalia chini. Nikauliza, "Huyu amefanya nini?" Sauti ikajibu, "Watu wanasema." Nikaandika. Fundi yule ndiye aliyetutengenezea madawati ya shule, na watoto wake wawili walikuwa darasani kwangu.

Wote saba walichukuliwa. Walikofikishwa sitakutaja. Mmoja hakurudi kabisa. Fundi alirudi baada ya miezi mingi, amekonda, na vidole vya mikono yote miwili havikuweza tena kushika randa. Hakusema kitu. Alikaa mbele ya nyumba yake akiwaelekeza wanawe jinsi ya kuchonga, na nilipopita nilimsalimu, "Mwangaluka," naye akaitikia, "Mwangaluka, mwalimu," kama zamani.

Yaliyotokea katika mikoa yetu miwili yamekwisha andikwa na watu wenye elimu kunizidi, kwa hiyo nitayapitia kwa ufupi. Watu wengi walikamatwa katika operesheni ile, waliteswa wakiwa mikononi mwa dola, na baadhi yao walikufa. Rais Nyerere alipopata habari kamili hakuzifunika. Januari 1977 mawaziri wawili walijiuzulu, Ali Hassan Mwinyi aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Peter Siyovelwa aliyekuwa Waziri wa Nchi, pamoja na wakuu wa mikoa wawili, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga. Baadaye baadhi ya maofisa walishtakiwa, wakatiwa hatiani na kufungwa.

Katika habari yote hii anayenisumbua zaidi ni Mwinyi. Hakushika fimbo. Hakuamuru mtu apigwe. Alikuwa mbali sana na vyumba vile. Hata hivyo alisema, kwa tendo lake, kwamba lililofanywa na watu walio chini ya wizara yake ni lake. Akaondoka, akapelekwa kuwa balozi Misri, na wengi tulidhani habari yake imekwisha. Miaka minane baadaye alikuwa Rais wa nchi. Alipofariki Februari 2024 karibu kila aliyemsifu aliukumbusha umma habari ya 1977, na ni haki yake kukumbushwa hivyo. Ni nadra, kwetu na kwingineko, mtu kuacha cheo kwa kosa la mkono usio wake.

Lakini nawaza juu ya ile siku tuliyoisikia habari hiyo redioni. Tulikuwa kwenye kibanda cha ushirika, watu kama ishirini, redio moja. Msomaji alipomaliza kutaja majina ya wakubwa, mwenyekiti wetu alivuta pumzi ndefu na kusema, "Basi. Wakubwa wamelimaliza." Na mimi nilisikia mzigo ukitoka mabegani. Ninakiri. Nilikwenda nyumbani nikala michembe na maziwa kwa hamu ambayo sikuwa nayo kwa miezi. Mwaka uliofuata nikafanywa mwalimu mkuu msaidizi.

Hapo ndipo swali langu linapouma. Yule ambaye hakujua alipoteza kazi. Mimi niliyeandika nilipandishwa cheo.

Zamani nilidhani kwamba neno "kuwajibika" linatokana na "jibu", yaani mtu anayewajibika ni yule anayetakiwa kujibu. Shehe mmoja rafiki yangu alinicheka na kunifundisha kwamba asili yake ni wajibu, neno la Kiarabu, jambo lililomlazimu mtu. Jibu lina mzizi wake mwingine. Nilimshukuru, lakini kosa langu lilikuwa limekwisha nifaa, kwa sababu lilinionyesha tofauti. Mwinyi alitimiza wajibu wa cheo chake. Kujibu ni jambo jingine. Anayejibu ni yule anayeweza kuulizwa "nani alimtaja?" akasema "ni mimi" au "ni fulani". Waziri hakuwa na jibu hilo. Lilikuwa katika darasa la nne, chini ya taa ya chemli. Na kwa kuwa wajibu ulitimizwa juu, kwa heshima na mbele ya taifa zima, hakuna aliyerudi chini kudai jibu.

Watu husema mkubwa anapojiuzulu haki imetendeka. Mimi nasema imetendeka nusu, na ile nusu huweza kuifunika nusu nyingine isionekane. Simlaumu aliyejiuzulu. Tunaolaumiwa ni sisi tuliojificha nyuma ya kujiuzulu kwake.

Sasa niiseme serikali ya mkoa, maana ndipo swali lilipoanzia. Katika nchi kama Kanada, nasikia, kila jimbo lina wizara yake ya sheria yenye waziri wake, na mtu akitaka kujua nani anashughulikia haki katika jimbo lake anaonyeshwa jengo. Kwetu Bara hakuna idara ya haki ya mkoa. Kuna vipande. Polisi wana kamanda wao wa mkoa. Waendesha mashtaka wana mkurugenzi wao. Magereza wana Butimba. Mahakama Kuu ina majaji wake hapo Mwanza, nao hawapokei amri ya mkuu wa mkoa, au hawapaswi kuipokea. Na mkuu wa mkoa mwenyewe anakalia kiti cha kamati ya ulinzi na usalama, akidaiwa amani na wananchi walio chini na Serikali iliyo juu. Mwananchi wa kawaida hatofautishi vipande hivi. Kwake yote ni Serikali.

Basi kazi ya mkoa ni nini? Nimeifikiria kwa mfano wa jikoni. Kijijini kuna uvumi, kuna hofu, kuna visasi vya zamani, na ndani ya mchanganyiko huo kuna ukweli pia. Mahakamani panatakiwa ushahidi tu. Katikati lazima pawe na chujio. Anayekaa katikati lazima awe mtu wa kuuliza, "Umeona, au umesikia? Ukisikia, kwa nani?" Mwaka 1976 chujio liliondolewa likawekwa bomba. Uvumi ulipanda kutoka kwetu ukiwa uvumi, ukarudi kwetu ukiwa amri. Jina la fundi lilipotoka darasani lilikuwa "watu wanasema". Lilipofika kwa walioshika fimbo lilikuwa jina limeandikwa kwa wino, kwa mwandiko mzuri, katika orodha yenye namba. Namba 7. Nani angeshuku orodha yenye namba?

Wakoloni nao walijaribu njia yao. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado imo vitabuni, ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayetuhumiwa uchawi aondoke akaishi mahali pengine. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Yule bwana mkubwa alijua kwamba hakuna mahakama inayoweza kuthibitisha uchawi, na alijua pia kwamba kikongwe akibaki atauawa. Kwa hiyo alimhamisha aliyeonewa, akaiacha hofu ikae palepale. Ilikuwa pia Sheria ya mwaka 1921 iliyoruhusu kumhamisha mtu kwa nguvu kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine. Hiyo ilikutana na mtu wake mwaka 1988, muda mfupi baada ya sura ya haki za binadamu iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984 kuanza kutumika. Jaji James Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu ya Mwanza, aliamua kwamba inapingana na Katiba. Mwalusanya tulimzungumza sana miaka ile, hata sisi tusiojua sheria. Wapo waliosema anawatetea wezi wa ng'ombe. Pengine kweli katika waliofaidika wapo waliokuwa wezi. Hapo ndipo ugumu wa chujio. Haliwezi kusema limemkinga fundi bila kukubali kwamba limempunguzia kasi ya kumkamata mwizi.

Na sisi Wasukuma tumechoshwa na mwendo huo wa polepole kuliko watu wengi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wizi wa ng'ombe ulipozidi, watu walianzisha Sungusungu bila kumwomba mtu ruhusa. Walikuwa na ntemi wao, kamanda wao, katibu wao, pinde na mishale, na mwano ukipigwa kijiji kizima kilitoka. Ng'ombe walirudi. Wanasheria waliguna, Chama kikawaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likawapa sura ya kisheria chini ya sheria za mgambo. Nilikuwa mmoja wao na nilikesha zamu zangu. Sitasema kwamba walikuwa wabaya. Nitasema tu kwamba katika mikutano yao nilisikia tena ile sauti, "watu wanasema", na mara hii nilikataa ukatibu, ingawa niliombwa mara mbili. Mwandiko wangu ulikuwa umejulikana.

Mwaka 1992 nilimwambia fundi. Miaka kumi na sita ilikuwa imepita. Nilimkuta amekaa mahali pake, mwanawe mkubwa akipiga msumari gurudumuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu, ikanitoka sentensi moja: "Ile karatasi niliiandika mimi."

Akanitazama kwa muda. "Najua, mwalimu," akasema. "Walinionyesha. Mwandiko wako naujua, si ndio ulio kwenye ripoti za watoto wangu?"

Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza. Miaka yote ile, kila "mwangaluka" aliyoniitikia, alikuwa anajua. Nikamwomba radhi. Akasema wewe uliandika tu. Kisha akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelisubiri muda wote huo: "Nani alinitaja?"

Nikamwambia sijui. Niliona kwamba hakuniamini, na kwamba hilo lilimwuma kuliko karatasi yenyewe. Alidhani ninamficha mtu. "Wewe uliandika tu," alikuwa amesema ili kunisaidia, nami nimelitafuna neno hilo "tu" mpaka leo. Fimbo nayo ilipiga tu. Dereva wa lile gari aliendesha tu. Mkoa ulitekeleza tu. Ukizikusanya "tu" zote hizo hupati hata mtu mmoja aliyetenda, na vidole vya fundi havikunjiki.

Fundi alifariki mwaka 2001. Mwenyekiti wetu alikuwa ametangulia. Msibani wakaniomba niandike daftari la rambirambi, nikaandika.

Baada ya kustaafu niliteuliwa kuwa mmoja wa washauri katika mahakama ya mwanzo, wale ambao watu huwaita wazee wa baraza. Utaratibu wa wakati huo ulikuwa mzuri kwa macho yangu. Hakimu mmoja alikaa na wazee wawili, na uamuzi ulikwenda kwa wingi wa kura, maana yake wazee wawili waliweza kumshinda hakimu. Wakili hakuruhusiwa. Yalikuwa mambo ya mbuzi, mipaka ya mashamba, mahari, matusi, ngumi za kilabuni. Kazi yangu niliifanya kwa swali moja ambalo hakimu wetu alilizoea mpaka akawa ananitania kabla sijafungua mdomo: "Mzee atauliza, uliona au ulisikia?" Watu walilichukia swali hilo. Mama mmoja aliyeibiwa kuku aliniambia mbele ya baraza zima kwamba mimi ni rafiki wa wezi. Kuku wake alikuwa ameonekana kwa mshtakiwa, lakini kuku wa kienyeji wote wekundu wanafanana, na mshtakiwa akaachiwa. Hata sasa sina hakika kwamba tulifanya sawa. Mama yule hakuwa na mali nyingine.

Nilifikiri swali hilo lingenisindikiza kwa amani hadi kaburini. Halafu yakaja mauaji ya albino.

Tangu mwaka 2007 Kanda ya Ziwa iliingia katika aibu ambayo dunia nzima iliisikia. Watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Pale kwetu Misungwi, Shule ya Msingi Mitindo, iliyozoea kupokea watoto wasioona, ilianza kupokea watoto wenye ualbino walioletwa na wazazi au na Serikali ili wawe salama. Nimefika pale. Utaona watoto wanacheza kama watoto, kofia pana vichwani. Nikaikumbuka sheria ya 1928: aliye hatarini anahamishwa, hofu inabaki nyumbani kwake. Lakini ningemwambia nini mzazi? Amwache mtoto kijijini kwa ajili ya falsafa yangu?

Na Machi 2009 Serikali iliendesha kura ya siri katika mikoa yetu. Kila mwananchi alitakiwa aandike kwenye karatasi majina ya watu anaowashuku kwa mauaji hayo na uhalifu mwingine, akunje, atumbukize sandukuni. Hakuna kuandika jina lako mwenyewe.

Nilikwenda, nikasimama kwenye mstari tangu asubuhi. Ndugu msomaji, hebu fikiri hali yangu. Mara hii wauaji walikuwa wa kweli, watoto walikuwa wa kweli, na bila watu kusema, polisi wasingepata pa kuanzia. Ukimya wa kijiji ndio uliowaua wale vikongwe wa miaka ya sabini. Nimesema hivyo mwenyewe hapo juu. Anayekataa kutaja huweza kuwa anamlinda fundi, na huweza kuwa anamlinda mwenye panga. Kalamu iliyofungwa nayo ina damu yake. Nilipofika mezani nilichukua karatasi nikaandika kwamba sikuona jambo lolote, na niliyoyasikia ni maneno ya kilabuni. Nikakunja.

Nyuma yangu alisimama mwanamke ninayemfahamu, mjukuu wake alikuwa na ualbino. Alishika karatasi yake kwa mikono miwili, kwa namna ambayo mwalimu anaitambua mara moja.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "niandikie."

Tukasogea pembeni. Akanitajia jina la mwanamume mmoja, mfanyabiashara, aliyekuwa amejenga nyumba ya bati haraka haraka.

"Ulimwona, mayu?"

"Watu wanasema, mwalimu."

Nilishika kalamu nikiangalia ile karatasi. Ningeweza kukataa, lakini kura ilikuwa yake, na mjukuu ni wake, na mtu yule huenda alikuwa muuaji kweli. Sikuwa na haki ya kumnyamazisha bibi kwa sababu dhamiri yangu inaumwa. Nikaandika jina. Kisha mbele ya jina, kwa mwandiko uleule, nikaandika maneno yake mengine mawili: watu wanasema. Karatasi ilikuwa na nafasi. Hata ile ya 1976 ilikuwa na nafasi.

"Umeandika nini hapo mwisho?" akaniuliza, maana aliona mstari umekuwa mrefu kuliko jina.

Nikamsomea. Akafikiri kidogo.

"Ni kweli, ndivyo nilivyosema," akajibu. Akaikunja mara nne, akaenda kuitumbukiza sandukuni.